Simu za intaneti ofisini: jaribio la siku 30 lipime nini?

Swali: Ninasimamia utawala katika ofisi yenye wafanyakazi 36. Kampuni moja imejitolea kutuletea simu sita za intaneti tuzijaribu kwa siku 30 bila malipo, kabla hatujaamua kama tutaachana na simu zetu za mezani. Mkuu wetu ameshauri zipelekwe chumba cha wataalamu wa kompyuta kwa kuwa wao ndio wanaozielewa. Mimi nina wasiwasi. Miaka michache iliyopita tuliwahi kufungiwa simu moja ya aina hii, na sauti ilikuwa ikimezwa kana kwamba anayezungumza yumo kisimani. Mara nyingine mteja alitusikia lakini sisi hatukumsikia. Tuliambiwa tatizo ni kasi ya intaneti, tukaiongeza, na hali haikubadilika. Je, safari hii tufanye jaribio la namna gani ili tujue ukweli? Siku 30 zinatosha? Na umeme ukikatika, tutapigaje simu?

Jibu: Umeuliza maswali matatu, ila yote yanatoka katika hofu moja: kwamba siku 30 zitapita kwa amani, mkataba utatiwa sahihi, simu za zamani zitaondolewa, na ndipo matatizo yaanze. Hofu hiyo si ya bure. Niliwahi kuitwa katika ofisi iliyofanya kama mkuu wako anavyopendekeza. Simu za majaribio ziliwekwa katika chumba cha wataalamu wa kompyuta, hatua chache kutoka kwenye ruta, yaani kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti, zikatumiwa na watu watatu ambao kwa kawaida hawapigi simu zaidi ya tano kwa siku, na ripoti ikaandikwa kwamba sauti ni safi kabisa. Mwezi uliofuata, simu zilipogawiwa ofisi nzima, kila ifikapo saa tatu asubuhi wateja walilalamika kwamba maneno yanakatika. Simu hazikuwa na kosa lolote. Saa tatu ndiyo saa ambayo kompyuta zote za ofisi zilikuwa zikituma nakala za mafaili kwenye hifadhi ya mbali, na katika chumba kile hakuna aliyekuwa na kawaida ya kuzungumza na simu saa hiyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumweleza mkuu wako, kwa heshima zote, ni kwamba chombo chenyewe hakihitaji kujaribiwa sana. Simu za intaneti za siku hizi karibu zote hufanya kazi zikiwekwa mahali pazuri. Kinachojaribiwa ni njia ambayo sauti itapita, kuanzia tundu la ukutani hadi kwa mtoa huduma, katika saa ambayo njia hiyo ina msongamano kuliko saa zote. Na pamoja nayo wanajaribiwa watu ambao kazi ya ofisi inapitia midomoni mwao. Wataalamu wa kompyuta wapewe simu moja kati ya sita, wala si zaidi.

Sasa tuje kwenye maelezo mliyopewa zamani, kwamba tatizo ni kasi. Hesabu yake ni rahisi na inafaa uifanye mwenyewe. Katika mfumo wa kawaida wa kugeuza sauti kuwa tarakimu, unaojulikana kwa jina la G.711, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kwa biti nane, hivyo sekunde moja ya mazungumzo huwa biti 64,000. Simu huukata mkondo huo katika vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, na kila pakiti hubandikwa anwani na maelezo ya safari yake. Ukijumlisha na uzito wa anwani hizo, simu moja hutumia takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi kama hicho kurudi. Watu kumi wakizungumza kwa wakati mmoja hawafikishi megabiti moja kwa kila upande. Ofisi ambayo watu wake wanaweza kutazama video bila shida imeshapita kiwango hicho mara nyingi. Ndiyo maana mlipoongeza kasi hamkuona tofauti: mlipanua mlango ambao haukuwa mwembamba.

Kinachoitesa sauti ni wakati. Barua pepe ikichelewa sekunde mbili hakuna atakayejua, lakini silabi ikichelewa sekunde mbili haina kazi tena. Faili likipoteza pakiti moja njiani, kompyuta huomba itumwe upya na mtumiaji hata hahisi. Simu haiwezi kungoja marudio hayo kwa sababu mazungumzo yamekwisha kusonga mbele, kwa hiyo pakiti iliyopotea huachwa ipotee, na kifaa huziba pengo kwa kukisia kutokana na sauti iliyotangulia. Pengo moja la milisekunde 20 sikio halilinasi. Mapengo yakifuatana, makisio hayo ndiyo yanayozaa ile sauti ya mtu aliye kisimani.

Kwa sababu hiyo, anayejua kazi hii hatakuuliza tu kwamba mna megabiti ngapi. Atataka kujua kwanza sauti huchukua muda gani kutoka kinywani hadi sikioni. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika pendekezo lake G.114, unaeleza kwamba ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja hausumbui watumiaji walio wengi, na kwamba milisekunde 400 ni kikomo ambacho mipango ya mtandao haipaswi kukivuka. Katikati ya hapo watu huanza kuingiliana: kila mmoja hudhani mwenzake amenyamaza, wote wawili wanaanza kusema, kisha wote wawili wananyamaza. Atataka kujua pia kama pakiti hufika kwa mwendo uliolingana au kwa mafungu. Simu ina foleni ndogo ya kuzipanga upya kabla ya kuzigeuza sauti, lakini mtikisiko wa muda ukizidi milisekunde 30 hivi, foleni hiyo huanza kuzidiwa, au hurefushwa na hivyo kuongeza ucheleweshaji. Mwisho atauliza ni pakiti ngapi zinapotea. Upotevu ukivuka asilimia moja, wasikilizaji makini watalalamika. Ukitaka kuona jinsi kasi na wakati visivyo kitu kimoja, fikiria ofisi inayotegemea setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta: sauti itatumia karibu robo ya sekunde kupanda na kushuka angani, na hakuna megabiti zitakazofupisha safari hiyo.

Mahali ambapo mambo haya huharibika zaidi ni upande wa kupakia, ambao katika laini nyingi ni mdogo kuliko ule wa kupakua na ambao watu hawautazami. Kompyuta moja inapotuma faili kubwa, ruta hupokea pakiti kwa haraka kuliko inavyoweza kuzitoa, ikazipanga foleni. Pakiti ya sauti, yenye baiti 200 tu, husimama nyuma ya pakiti za faili zenye baiti 1,500 kila moja. Zikiwa mbele yake pakiti 500 za namna hiyo, katika laini yenye kasi ya kupakia ya megabiti 10 kwa sekunde, sauti itasubiri zaidi ya nusu sekunde kabla ya kutoka hata mlangoni kwenu. Dawa yake ni kuiamuru ruta iitangulize sauti mbele ya kila kitu. Simu nyingi hutia alama maalumu kwenye pakiti zao, namba 46, ili ruta na swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao za ofisi) zizitambue. Kazi ya fundi ni kuhakikisha vifaa vyenu vinaiheshimu alama hiyo, na kuipangia ruta itume kwa kasi iliyo chini kidogo ya ile halisi ya laini, ili foleni ikitokea itokee ndani ya kifaa mnachokitawala ninyi na si katika kifaa cha mtoa huduma. Nje ya ofisi, katika intaneti ya wote, alama hiyo kwa kawaida haipewi uzito wowote. Usikubali muuzaji akuahidi upendeleo wa njia nzima, isipokuwa kama yeye mwenyewe ndiye mwenye laini.

Lile la mteja kuwasikia ninyi huku hammsikii ni ugonjwa mwingine kabisa, na nasikitika kwamba mliambiwa ni kasi. Katika simu za intaneti, ujumbe wa kupiga na kupokea husafiri kwa njia moja, kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo SIP, na sauti husafiri kwa njia yake nyingine. Ndani ya ule ujumbe wa SIP simu yenu huandika anwani ambako sauti itumwe. Tatizo ni kwamba simu huijua anwani yake ya ndani tu, ambayo nje ya ofisi haina maana, kama mtu anayempa mgeni namba ya chumba bila kumtajia jengo. Mtoa huduma akiituma sauti kwenye anwani hiyo, haifiki popote: ninyi mnakaa kimya mkisubiri, ilhali sauti yenu inatoka vizuri. Ruta nyingi zina kipengele kiitwacho SIP ALG, kilichobuniwa ili kusahihisha anwani hizo, na mara nyingi ndicho kinachoziharibu zaidi. Kukizima ni kazi ya dakika tano. Mwagize fundi akizime kabla ya siku ya kwanza ya jaribio, kisha mwulize mtoa huduma kama mtambo wake unaweza kuirudisha sauti kule inakotoka badala ya kuiamini anwani iliyoandikwa. Wengi wanaweza.

Baada ya hayo tupange jaribio. Kabla simu mpya hazijatolewa katika maboksi, tumieni wiki moja kuhesabu simu zinazopigwa na kupokewa kwa vifaa vya zamani. Andikeni katika saa yenye shughuli nyingi kuna simu ngapi na kila moja huchukua dakika ngapi kwa wastani. Tuseme ni simu 40 zenye dakika sita kila moja, yaani dakika 240 ndani ya dakika 60, ambayo ni sawa na simu nne zinazoendelea muda wote. Msifikiri kwamba njia nne, yaani nafasi nne za mazungumzo ya wakati mmoja, zitatosha, kwa sababu watu hawapigi kwa zamu. Mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni ambayo mafundi wanaitumia hadi leo, na kwa kanuni hiyo mzigo kama wenu ungehitaji njia kumi ili simu zinazokosa nafasi zisifike moja kati ya mia. Namba hiyo, njia kumi, ndiyo itakayoamua ukubwa wa mkataba wenu. Idadi ya wafanyakazi 36 haihusiki, ingawa muuzaji atapenda kuanzia hapo.

Simu ya kwanza iende mapokezi. Najua ni pahala pa hatari, na ndiyo maana yangu. Mhudumu wa mapokezi hupokea, huhamisha, husubirisha na kurudisha simu mara nyingi kwa saa moja kuliko mtu mwingine kwa siku nzima, na ni yeye atakayegundua kwamba kuhamisha simu kunahitaji kubonyeza vitufe vinne mahali pa kimoja. Mwachieni simu ya zamani pembeni yake. Nyingine ipewe mtu anayezungumza na wateja muda mrefu, nyingine iwekwe kwenye dawati lililo mbali zaidi na swichi, na nyingine katika chumba cha mikutano, ambako kipaza sauti na mwangwi wa kuta hufichua mengi. Kwa dawati la mbali, kumbuka kwamba kebo ya Ethernet haipaswi kuzidi mita 100, na kwamba nyaya za simu za zamani zilizomo ukutani mara nyingi hazifai kwa kazi hii hata kama plagi yake inaingia. Ya tano wapeni wataalamu wa kompyuta.

Ya sita, kama mnafikiria kutumia Wi-Fi, ijaribuni kwa Wi-Fi, lakini matokeo yake muyaandike kando na msiyachanganye na ya simu zilizo kwenye waya. Hewa ya Wi-Fi hutumiwa kwa zamu na vifaa vyote vilivyomo chumbani, na mtu anayetembea huku akizungumza huhamishwa kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine, ambapo sauti inaweza kukatika. Kwa simu inayokaa mezani siku zote, ushauri wangu ni waya.

Kuna hila mbili za maonyesho ambazo si lazima ziwe za makusudi, lakini hudanganya. Kwanza, simu mbili za ofisi moja zikipigiana, sauti inaweza kupita moja kwa moja kati yao bila kutoka nje hata kidogo. Usikivu mtakaoupata hapo ni sifa ya swichi yenu. Laini ya intaneti haijapimwa. Pigeni nje, kwa simu za mkononi na za mezani za watu wengine. Pili, simu hizi zikizungumza zenyewe kwa zenyewe hutumia mfumo wa sauti pana kama G.722, unaobeba masafa hadi herzi 7,000 hivi, wakati simu ya kawaida huishia kwenye herzi 3,400. Tofauti yake inapendeza: mtu akitaja jina, hutasumbuka kujua kama ametamka s au f. Lakini mazungumzo yakishaingia katika mtandao wa kawaida wa simu, kwa kawaida hurudi kwenye wembamba ule ule wa zamani. Mteja wenu hatasikia kile muuzaji alichowasikilizisha.

Simu sita haziwezi kuonyesha uzito wa ofisi nzima, hivyo mtalazimika kuutengeneza. Chagueni saa moja katika wiki ya pili na nyingine katika wiki ya tatu, ziwe saa zenu za msongamano. Simu zote sita ziwe zinazungumza na watu wa nje, ongezeni programu za simu kwenye kompyuta nne ili mfike kumi, na wakati huo huo mtu apakie faili kubwa kwenye hifadhi ya mbali. Mambo yakiharibika, msikasirike. Afadhali yaharibike mbele yenu, mkiwa mmejiandaa, kuliko mbele ya mteja.

Karibu na kila simu liwepo daftari. Fomu za kompyuta hazijazwi na mtu aliye katikati ya kazi, ilhali kalamu na karatasi hufanya kazi. Kwa kila simu yenye kasoro iandikwe saa kamili, namba iliyopigwa au iliyopiga, na neno moja la kasoro: imekatika, mwangwi, kimya upande mmoja, imechelewa. Saa kamili ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu mtoa huduma anaweza kuitafuta simu hiyo katika kumbukumbu zake na kuona pakiti ngapi zilipotea, lakini hawezi kufanya lolote na malalamiko ya "juzi ilisumbua". Simu nzuri pia zipewe alama ya moja hadi tano mara kwa mara. Kipimo hicho cha watu kutoa alama ndicho wataalamu wa sauti wenyewe wanachokitumia, kwa hiyo msikionee haya kwa urahisi wake.

Kuhusu muda, siku 30 zinatosha kwa sharti kwamba mwisho wa mwezi uwemo ndani yake na usiangukie wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza mimi huwa siihesabu kabisa, kwani watu wanajifunza vitufe na mafundi wanarekebisha mipangilio. Wiki ya pili elekezeni namba kuu ya ofisi kwenye simu mpya asubuhi tu, na wiki mbili za mwisho kwa siku nzima. Msipofanya hivyo, simu mpya zitabaki na namba ngeni ambazo hakuna mteja anayezijua, na mtakuwa mmejaribu simu za kupiga tu. Hata za kupiga zina jambo lake: wengi hawapokei namba wasiyoitambua, kwa hiyo mwombeni mtoa huduma aonyeshe namba yenu ya zamani kwa mnaowapigia, jambo ambalo watoa huduma waaminifu hukubali baada ya kuthibitisha kwamba namba ni yenu. Na kabla ya siku ya kwanza andikeni mstari mmoja utakaotiwa sahihi na mkuu: ni kiwango gani cha kasoro kitakachowafanya mkatae. Kipimo changu ni kwamba simu zenye kasoro zikizidi mbili katika kila mia baada ya wiki ya pili, bado hamjawa tayari. Mnaweza kuchagua kingine, ila mkichague sasa, kabla hamjaanza kuzizoea simu hizo na kumzoea muuzaji.

Sasa umeme. Hapa wasiwasi wako ni sahihi moja kwa moja. Simu ya mezani ya waya wa shaba hupata umeme wake, wa volti 48 hivi, kutoka kituo cha simu, ndiyo maana huendelea kufanya kazi nyumba nzima ikiwa gizani. Simu ya intaneti hutegemea umeme wenu, na si wa simu peke yake: swichi, ruta na kifaa cha mtoa huduma lazima vyote viwe hai. Njia nzuri ni kuzipatia simu umeme kupitia kebo ile ile ya mtandao, kutoka kwenye swichi yenye uwezo huo. Kiwango cha 802.3af kinaruhusu swichi kutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na simu ya kawaida ya mezani hula sehemu ndogo tu ya hizo. Tukiikadiria kila simu wati tano, simu 36 ni wati 180, ukiongeza na swichi na ruta. Betri moja ya akiba iliyowekwa kwenye kabati la swichi inaweza kuzihudumia zote, badala ya betri kwenye kila dawati. Fundi umeme aikokotoe kwa saa mnazozihitaji.

Lakini kuna faida ambayo simu ya shaba haina. Mtambo wa mtoa huduma ukiona ofisi yenu haipatikani, unaweza kupangwa ili upeleke simu zote kwenye simu za mkononi mlizozichagua, na mteja asijue kwamba ofisini ni giza. Lipangeni hilo, kisha katika wiki ya tatu chomoeni ruta ukutani bila kumwonya mtu yeyote isipokuwa mkuu. Mwombe rafiki apige namba ya ofisi. Dakika hiyo itakuambia mengi kuliko kurasa zote za mkataba.

Simu za dharura zinahitaji uangalifu wa pekee. Simu ya intaneti haijui iko wapi. Ukiihamishia jengo lingine itaendelea kufanya kazi, na huduma za dharura zinaweza kuona anwani iliyosajiliwa zamani au wasione chochote. Mwulize mtoa huduma kwa maandishi jinsi anavyolishughulikia jambo hili, na hata akijibu vizuri, bakini na simu ya mkononi iliyochajiwa mapokezini. Kagueni pia kila kifaa kilichounganishwa kwenye laini za zamani bila watu kukumbuka: simu ya ndani ya lifti, king'ora cha moto, mashine ya faksi, mashine ya kupokea malipo ya kadi. Faksi husumbuka sana katika njia hii isipokuwa kama pande zote zinatumia T.38, itifaki iliyobuniwa kwa ajili ya faksi. King'ora na lifti msiviguse mpaka waliovifunga waseme.

Jambo la usalama halisubiri mwisho wa jaribio. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta mitambo ya simu yenye manenosiri dhaifu, na zikiupata mmoja huanza kupiga namba ghali za nchi za mbali, kwa kawaida wakati wa usiku au wikendi, na ankara huja kwa mwenye simu. Badilisheni manenosiri yaliyokuja na vifaa siku ile ile vinapofunguliwa, fungeni simu za kimataifa isipokuwa kwa wanaozihitaji, na mwombeni mtoa huduma aweke kikomo cha matumizi ya siku. Jaribio la bure linaweza kuleta ankara kubwa kwa njia hii. Mkizungumza mambo ya siri na wateja, ulizeni pia kama ujumbe na sauti vyote viwili husimbwa njiani, yaani hufichwa ili mtu mwingine asivielewe, kwa kuwa kimoja kinaweza kusimbwa kingine kikaachwa wazi.

Je, mhame au msihame? Sina upendeleo. Kama simu zenu za sasa ni nzima, hamna matawi na watu hawafanyi kazi kutoka nyumbani, mtakachokipata ni kidogo kuliko matangazo yanavyosema. Upande wa pili, katika nchi kadhaa kampuni za simu zinaendelea kuzima mitandao ya shaba, hivyo kubaki kunaweza kuwa ni kuahirisha tu. Iko pia njia ya kati ambayo wauzaji hawaitaji mara nyingi: kubaki na mtambo wenu wa ndani na simu zenu za mezani, na kubadili tu laini zinazotoka nje ziwe za intaneti kupitia kifaa cha kuunganisha. Wafanyakazi hawatajifunza kitu kipya, na mkishindwa mnarudi nyuma kwa urahisi. Kwa ofisi yenye kumbukumbu mbaya kama yenu, ningeifikiria kwa uzito. Njia yoyote mtakayoichagua, msikatishe laini ya zamani mpaka namba yenu iwe imehamishwa na kupokea simu kwa mtoa huduma mpya, kwa sababu laini ikikatwa mapema namba inaweza kupotea nayo.

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayawezi kuyatatua, na yanamhitaji mtu afike ofisini kwenu. Kabla ya kumwita, fanyeni jaribio moja la kumpunguzia kazi: jioni watu wakiondoka, chomoeni kila kitu, unganisheni simu moja tu, moja kwa moja, kwenye kifaa cha mtoa huduma, na mpige nje kwa nusu saa. Sauti ikiwa safi, ugonjwa uko ndani ya jengo, na mnahitaji fundi wa mitandao atakayepima kebo na kukagua swichi. Ikiwa mbaya hata hapo, ugonjwa uko nje, na hakuna fundi wa ndani atakayeuponya. Mpelekeeni mtoa huduma wa intaneti yale madaftari yenye saa kamili. Mwiteni fundi pia kama kasoro hujirudia saa ile ile kila siku nanyi hamjui kitu gani hutokea saa hiyo, au kama simu hukatika baada ya idadi ile ile ya dakika kila mara, kwa sababu hiyo ni dalili ya ruta au ukuta wa moto (kinga ya mtandao inayozuia wavamizi) kuifunga njia mapema. Atakapofika, mwagize anase, yaani arekodi, pakiti za simu yenye kasoro na akuachie faili lake. Maelezo ya mdomo kwamba "ni kasi" mlikwisha kuyalipia mara moja.